Mitaro ya majaribio kwenye shamba la hekta 4: tuikate wapi, na mashine isimame wapi?

mpima_shamba
Habari wakuu. Kuna shamba la hekta 4, malisho yenye mteremko wa wastani, linataka kujengwa nyumba. Masharti ya akiolojia ni kwamba asilimia 4 ya eneo ichimbwe mitaro ya majaribio kabla ya ujenzi, na asilimia 1 nyingine iwekwe akiba. Kipimo cha sumaku kimeshapita: kimeonyesha handaki moja la kale linalopinda upande wa juu, kwingine kote kimya. Mwenye mradi anashinikiza mitaro yote iwekwe kwenye handaki hilo, eti kwingine ni kuchoma mafuta bure. Naomba mwongozo: mitaro michache mirefu au mingi mifupi? Pale palipo kimya tupaache? Na ekskaveta isimame kina gani?

tabaka_kwa_tabaka
Anza na hesabu. Hekta 4 ni mita za mraba 40,000, kwa hiyo asilimia 4 ni 1,600. Mtaro wa mita 50 kwa 2 unakula 100, unapata mitaro 16. Wa mita 30 kwa 2 unakula 60, unapata kama 27. Kwa kunasa mahandaki marefu na mipaka ya mashamba ya kale hakuna tofauti kubwa, maana jumla ya urefu ni kama mita 800 kote kuwili. Tofauti iko kwenye vitu vidogo vilivyokusanyika. Chukua kundi la makaburi lililoenea kwenye duara la kipenyo cha mita 10: ile mirefu ina nafasi kama 28 kwa 100 ya kuligusa duara hilo, ile mifupi kama 31. Si pengo kubwa, ila ni la bure, basi lichukue. Na kumbuka kugusa duara si kugusa kaburi. Mpeni mwenye mradi namba hizo aone kwamba hata asilimia 4 iliyotawanywa vizuri inaacha mengi.

Msipunguze upana uwe mita 1 ili mpate urefu maradufu. Shimo la nguzo mtaliona, lakini hamtajua kama liko peke yake au ni sehemu ya ukuta wa nyumba. Handaki pana nalo litajaza mtaro mzima, mtu adhani amefika udongo mama, yaani udongo wa asili usiowahi kuguswa na binadamu.

Geuzeni mwelekeo pia, mmoja wima kwenye ramani, unaofuata mlalo. Mitaro yote ikielekea upande mmoja, handaki linalokwenda sambamba nayo litapita katikati bila kuguswa.

Kuhusu pale palipo kimya: ni kimya kwa sumaku tu. Kifaa kile husikia vitu vilivyoungua na mahandaki yaliyojaa udongo wenye mboji. Kaburi lililofukiwa kwa udongo ule ule uliotolewa mara nyingi halisikiki, wala shimo dogo la nguzo. Wekeni mitaro 5 au 6 ikikata handaki kwa pembe mraba, iliyobaki isambae. Ile akiba ya mita za mraba 400 msiiguse mpaka mjue swali lililobaki liko wapi.

beleshi_bapa
Upande wa mashine: ndoo iwe pana, mita 1.8 au 2, isiyo na meno. Meno huchana uso na kuacha mistari inayoficha kila kitu. Kabla ya yote pitisheni kitambua nyaya na mabomba kwenye kila mtaro. Kisha ekskaveta ifanye kazi ikirudi nyuma, ikikwangua sentimita 10 kwa mara, mwanaakiolojia amesimama mahali dereva anapomwona, nje ya mzunguko wa mkono. Isipite kamwe juu ya uso uliokwisha kufunguliwa.

Kina hakipangwi kwa futi kamba. Mashine inasimama kwenye tabaka la kwanza lenye dalili za kale, au kwenye udongo mama, lolote litakalotangulia. Udongo wa juu rundo lake, wa chini rundo lake, yote angalau mita 1 kutoka ukingoni. Pitisheni kitambua metali kwenye marundo.

mteremko
Nakubaliana na beleshi_bapa isipokuwa hapo kwenye "udongo mama". Shamba lina mteremko. Chini ya mteremko kuna udongo ulioshushwa na mvua na kulima kwa karne nyingi, nao ukitulia unafanana sana na udongo mama: safi, wa rangi moja, hauna vigae. Makazi yanaweza kulala chini yake, na ripoti ikaandika "hakuna kitu". Hata sumaku hudhoofika kadiri kitu kinavyozama, kwa hiyo ukimya wa huko chini una thamani ndogo kuliko wa juu. Kwenye mitaro yote ya upande wa chini, mashine ichimbe kishimo cha kupima ncha moja ya mtaro mpaka ijulikane tabaka linaishia wapi. Likionekana punje la mkaa au kigae chini yake, huo si udongo mama. Kikizidi mita 1.2 mtu asiingie bila kingo kukatwa ngazi au kuegemezwa. Pimeni na kupiga picha kutoka juu.

mpima_shamba
Asanteni sana. Tukishafungua, kila doa jeusi lichimbwe?

tabaka_kwa_tabaka
Hapana, hii ni tathmini. Shimo la nguzo au la taka lichimbwe nusu, handaki likatwe kipande cha mita 1, na pale mawili yanapokutana chimbeni makutano ili mjue lipi limekata lipi. Mifupa ya binadamu ikitokea, simamisheni, funikeni, toeni taarifa kwa mamlaka. Michoro ya mkato iwe 1:10, ya juu 1:20. Tabaka zuri lenye mkaa, chukueni lita 40 za udongo kwa kuelea (kuuosha majini ili mbegu na mkaa vielee juu), au lote kama halifiki hapo.

Jihadharini na doa la umbo la nusu mwezi lenye kingo zisizoeleweka na udongo uliochanganyika: mara nyingi ni mti ulioanguka na mizizi yake. Chimbeni machache kuthibitisha, msichimbe yote. Uso ukikauka na rangi kupotea, nyunyizieni maji, subirini kidogo, kwangueni tena kwa jembe.

beleshi_bapa
Kufukia nako kuna makosa yake. Msifukie kabla mamlaka haijakagua. Udongo wa chini urudi kwanza, ushindiliwe kwa matabaka, wa juu mwisho. Mtaro wa mita 30 kwa 2 wenye kina cha sentimita 40 ni mita za ujazo 24 za udongo uliolegea, na msingi wa nyumba ukikaa nusu juu yake na nusu juu ya ardhi ngumu utapasuka. Mpeni mhandisi koordineti za kila mtaro pamoja na kina, hasa vile vishimo vya ncha ambavyo kwenye ramani huwa havionekani. Mkikata bomba la kutoa maji shambani, liungeni siku hiyo hiyo, la sivyo mtaro wenu wa jirani utakuwa bwawa asubuhi.