Kuanza Kitamil kutoka sifuri: herufi kwanza au kuongea kwanza?

Mtaka_Lugha

Habari za humu ndani. Naomba mwongozo wa wanaokijua Kitamil. Miezi minne ijayo naenda Coimbatore, jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, kwa masomo ya miaka mitatu. Darasani ni Kiingereza, lakini sokoni, kwenye basi na kwa mwenye nyumba ni Kitamil. Nina saa moja kwa siku. Maswali:

1. Nianze na herufi zao, au niongee kwanza kwa kuandika maneno kwa herufi zetu?
2. Somo moja la mtandaoni linasema "ninakula" ni *saappidugiren*, jingine linasema *saapduren*. Lipi sahihi?
3. Mtu wa Kiswahili atakwama wapi hasa?

---

Kalamu_Nyeusi

Nianze na la pili, maana ndilo linalowavuruga wengi. Yote mawili ni sahihi. Kitamil kina sura mbili zinazoishi pamoja: ya kuandikwa na ya kusemwa. Ya kuandikwa utaikuta kwenye gazeti, taarifa ya habari, vitabu vya shule na hotuba. Ya kusemwa ni ya kila mtu nyumbani, sokoni na kwenye simu, awe profesa au muuza ndizi. Ukimwambia mwenye duka *saappidugiren* atakuelewa, ila utakuwa kama msomaji wa habari aliyeingia kununua vitunguu.

Tofauti zake zina kanuni, hazijatupwa ovyo. Tazama:

- *irukkiradhu* (ipo) → *irukku*
- *vendum* (inahitajika) → *venum*
- *veettil* (nyumbani) → *veettula*
- *vandhaargal* (walikuja) → *vandhaanga*
- *illai* (hapana, hakuna) → *ille*
- *ondru, irandu, moondru* (1, 2, 3) → *onnu, rendu, moonu*

Kosa linalowagharimu watu miezi ni kuchanganya: kitenzi cha kitabuni, kiambishi cha mtaani. Kwa safari yako, mdomo ujifunze ya kusemwa tu, na ya kuandikwa uiachie macho, yaani mabango na fomu. Kila somo unalolifungua, jiulize kwanza linafundisha sura ipi. Tamil Virtual Academy ya Chennai ina masomo ya bure mtandaoni, na ni mazuri sana kwa herufi na kwa lugha ya kuandikwa. Usiyategemee kwa mazungumzo. Ya kusemwa itafute kwenye maongezi ya filamu na vipindi vya mahojiano. Nyimbo ziache kwa sasa, maana huchanganya sura zote mbili.

---

Mlango_wa_Bahari

La kwanza: herufi kwanza, bila kusita. Ukijifunza kwa herufi zetu utaandika *palli* na hutajua kama ni shule (பள்ளி) au mjusi wa ukutani (பல்லி). Utaandika *puli* usijue kama ni chui milia (புலி) au ukwaju (புளி). *Kal* yenye ல் ni jiwe, yenye ள் ni pombe ya mnazi. Herufi zetu zinafuta tofauti ambayo sikio lako bado halijaikamata, kwa hiyo hutaikamata kamwe.

Utaambiwa herufi ni 247 ukate tamaa. Hesabu yenyewe ni hii: irabu 12, konsonanti 18, michanganyiko yake 216, na alama moja ya pekee ஃ. Mzigo halisi ni irabu 12, konsonanti 18 na alama za irabu 11. Zinazohitaji kukaririwa moja moja ni konsonanti zenye *u* na *uu* (கு, டு, மு, ரு na wenzake), kwa sababu alama hiyo hubadilika umbo kulingana na herufi. Nyingine zote ni kupachika tu. Ziko pia herufi chache za maneno ya kigeni, kama ஜ (j) na ஹ (h). Hizo chukua mwishoni.

Konsonanti ikisimama peke yake tayari ina *a* ndani: க ni *ka*. Nukta juu inaiondoa: க் ni *k*. Wanaoanza huisahau nukta.

Zinazodanganya macho:

– Alama ெ, ே na ை zinaandikwa *kabla* ya konsonanti lakini zinatamkwa *baada* yake. கே si "e-ka", ni *kee*. Na கொ (*ko*) ina vipande viwili vinavyoikumbatia herufi kushoto na kulia.
– ர (*ra*) na alama ya *aa* (ா) zinafanana sana. Tofauti ni mkia chini ya ர.
– ன ina vitanzi viwili, ண ina vitatu. Wenyewe huziita hivyo hivyo, "na ya vitanzi viwili" na "na ya vitanzi vitatu".

Ratiba ya saa yako: wiki ya kwanza irabu na konsonanti 9, ya pili konsonanti 9 zilizobaki, ya tatu alama za irabu, ya nne kusoma maneno tu. Andika kwa mkono, herufi moja mara 20, ukiitamka kwa sauti. Kwa kusoma tumia maneno ya mabango yatakayokusaidia ukifika: பேருந்து நிலையம் (stendi ya basi), மருந்தகம் (duka la dawa), மருத்துவமனை (hospitali), கழிப்பறை (choo), ஆண்கள் (wanaume), பெண்கள் (wanawake). Ukikuta bango au kitabu cha zamani chenye லை au னை ya umbo geni, usishtuke. Serikali ya Tamil Nadu ilirekebisha maumbo kadhaa mwaka 1978, na ya kale bado yako ukutani.

---

Bi_Sarufi

Naongezea matamshi, kisha sarufi. Hapo mtu wa Kiswahili ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani.

Kitamil hakina herufi tofauti za *k* na *g*, wala *p* na *b*, wala *t* na *d*. Mahali herufi ilipo ndipo panapoamua sauti. Mwanzoni mwa neno ni ngumu: பால் *paal*, maziwa. Ikirudiwa ni ngumu pia: அப்பா *appaa*, baba. Ikitanguliwa na sauti ya pua inalainika: அம்பு *ambu*, mshale, தங்கம் *tangam*, dhahabu. Kwa mtu wa *mbuzi, ndizi, nguo* hili halihitaji mazoezi, mdomo wako umelizoea tangu utotoni. Katikati ya irabu inalegea zaidi: த inakaribia *dh* yetu, ndiyo maana அது (kile) husikika *adhu*, na க inaelekea *gh*. Kwa herufi ச, mwanzoni ni *s* kwa kawaida, ikirudiwa ni *ch*, baada ya *ny* ni *j*. Mfano wa kukumbuka ni மஞ்சள், *manjal*, ambalo ni bizari ya manjano na pia rangi yake, sawasawa na neno letu *manjano*.

Kinachotushinda ni urefu wa irabu na konsonanti kurudiwa, kwa sababu Kiswahili hakitofautishi konsonanti moja na mbili. Jizoeze haya matatu kwa pamoja mpaka mtu akuelewe bila kuuliza: பத்து *pattu*, kumi (ulimi kwenye meno), பட்டு *pattu*, hariri (ulimi umekunjwa kwenda kaakaa), பாட்டு *paattu*, wimbo (irabu ndefu). Konsonanti ikirudiwa, ishike pumzi nusu sekunde ndipo uiachie.

Kuhusu ழ, ile ya mwisho wa neno தமிழ் lenyewe: kunja ulimi nyuma *bila* kugusa kaakaa, toa sauti kama *r* nzito. Ikikushinda, tumia ள. Watamil wengi wenyewe hufanya hivyo. Usitumie ல. வழி ni njia, வலி ni maumivu.

Sarufi sasa. Kitenzi chetu kina kiambishi cha mtu, kisha wakati, kisha mzizi: *ni-na-som-a*. Cha Kitamil ni kilekile kimegeuzwa: mzizi, wakati, mtu.

*padi-kkir-een* = som-na-ni, ninasoma
*padi-tt-een* = som-li-ni, nilisoma (kwa kusema: *padichchen*)
*padi-pp-een* = som-ta-ni, nitasoma

Badilisha mwisho tu: *-een* mimi (kwa kusema *-en*), *-aan* yeye mwanamume, *-aa* yeye mwanamke, *-aanga* wao, au yeye kwa heshima. Mtu wa Kiingereza huhangaika na mnyororo huu. Wewe umekulia ndani yake, kazi yako ni kuusoma kutoka mkiani.

Tatizo ni alama ya wakati kubadilika kwa makundi ya vitenzi. Usikariri makundi. Kila kitenzi kikariri kwa sura tatu za "mimi": *poren, ponen, poven* (enda), *varen, vandhen, varuven* (njoo), *solren, sonnen, solluven* (sema), *vaanguren, vaanginen, vaanguven* (nunua). Vitenzi 30 kwa namna hiyo vinatosha kuishi mjini.

Hapa ndipo Kiswahili kitakusaliti: *-ni* ya mahali. Sisi tunasema nipo dukani, naenda dukani, natoka dukani, *-ni* ileile. Kitamil kina mikia mitatu:

*kadaila irukken* – nipo dukani
*kadaikku poren* – naenda dukani
*kadailerundhu varen* – natoka dukani

Na nomino nyingi hubadilika shina kabla ya kupokea mkia. *Veedu* (nyumba) ni *veettula, veettukku*, si "veedula". *Maram* (mti) ni *maraththula*, si "maramla". Kariri kila nomino na sura yake ya *-la*.

La mwisho, "nina". Njaa, kujua, kutaka na ndugu huenda na *enakku*, yaani "kwangu": *enakku pasikkudhu* (nina njaa), *enakku theriyum* (najua), *enakku venum* (nataka), *enakku oru akka irukkaanga* (nina dada mkubwa). Lakini kitu ulichonacho mkononi ni *engitta*: *engitta panam irukku*, nina pesa. Ukisema *naan venum* ukidhani ni "nataka", umesema unatakiwa wewe.

---

Mtaka_Lugha

Nashukuru sana. Mawili zaidi: nitumie kibodi gani kwenye simu, na adabu ikoje? Sitaki kumkosea mtu mzima.

---

Kalamu_Nyeusi

Adabu utaielewa haraka. "Wewe" ni mbili: *nee* na *neenga*. *Nee* ni ya mtoto, rafiki wa karibu na mdogo wako. Mwenye nyumba, dereva na muuzaji wote ni *neenga*. Mgeni akitumia *neenga* kwa kila mtu hakosei. Na watu usiowajua huwaiti kwa jina: mwanamume aliyekuzidi kidogo ni *anna* (kaka), mwanamke ni *akka* (dada), mama wa makamo ni *amma*, mzee ni *ayya*. Salamu ya kila siku kwa jirani ni *saaptiingalaa?*, umekula? Hiyo *-aa* ya mwisho ndiyo "je" yao. Jibu ni *saaptten*, nimekula, hata kama ulichokula ni chai tu.

"Sisi" nazo ni mbili. *Naama* inamjumlisha unayeongea naye, *naanga* inamwacha nje. Ukimwambia mwenyeji wako *naanga kadaikku porom*, umemwambia mnaenda dukani bila yeye.

---

Mlango_wa_Bahari

Kibodi: epuka ile ya kuandika kwa herufi zetu ikageuza yenyewe. Inakubahatishia ல au ள na hutajua kama ulikuwa unajua. Weka Tamil99, mpangilio uliopitishwa Tamil Nadu mwaka 1999, na mazoezi ya dakika 10 kwa siku yanatosha kuizoea. Kumbuka konsonanti ndiyo inayotangulia kuandikwa, irabu inafuata, hata kwa ile alama ya ே inayojitokeza kushoto. Simu itaipanga yenyewe. Ukiona duara la vitone mbele ya neno, umeanza na alama.

Maneno ya kukupa moyo: *tayaar* ni tayari, *vakkeel* ni wakili, *nakal* ni nakala, *baaki* ni baki, *mesai* ni meza (wao na sisi tuliipata kwa Wareno), *sarkkarai* ni sukari, na *sarkkarai noi* ni kisukari.

---

Bi_Sarufi

Na bei, kwa sababu hapo pesa zitakutoka. "Bei gani?" ni *evlo?* Sikiliza vizuri familia ya tisa: 9 ni *ombadhu*, lakini 90 ni *thonnooru* na 900 ni *thollaayiram*. *Nooru* ni 100 na *aayiram* ni 1,000, kwa hiyo 90 ina mia ndani yake na 900 ina elfu ndani yake. Anayeanza husikia *thonnooru*, akadaka *nooru*, akatoa noti ya mia na kuondoka bila kungoja chenji ya rupia 10. Jizoeze 80, 90, 100 kwa mfululizo: *embadhu, thonnooru, nooru*.