Viza ya Uholanzi: naweza kuvuka Ujerumani na Uingereza?

MkaaWete
Assalam alaykum ndugu zanguni. Kaka yangu yuko Rotterdam, anaoza binti yake, na mie ndiye ami pekee aliyebaki, lazima niwepo. Shemeji yangu anakaa Köln, nataka nimfikie. Halafu kuna shangazi yetu London, mtu mzima na mgonjwa. Nikenda huko nikarudi Pemba bila ya kumtia machoni, moyo wangu hautatulia. Tiketi ya kurudi itatokea Amsterdam. Mmoja kanambia viza ya Uholanzi inafungua Ulaya nzima, mwengine kasema kila mpaka una viza yake. Nishike lipi? Kutoka Wete mpaka Dar si safari ya kwenda leo kurudi leo, nataka nikifika ubalozini niwe na kila kitu.

BiMtambwe
Waalaykum salaam ami. Viza utakayopewa ni ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na nchi zake sasa ni 29. Ujerumani imo, kwa hiyo Köln huhitaji ombi jengine. Unapanda treni kama unavyotoka Chake ukenda Konde. Ila paspoti iwe mfukoni, yenyewe, si kopi. Ujerumani imerudisha ukaguzi mipakani kote tangu Septemba 2024 na polisi huingia ndani ya treni.

Uingereza haimo na haikuwahi kuwamo. Ina viza yake, fomu yake na ada yake. Na hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu, maana nimeona watu wazima wakilia uwanja wa ndege. Ukivuka kwenda London umeshatoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha hapo hapo, hata ikiwa siku zimebaki nyingi. Kurudi Amsterdam kupanda ndege yako hutoweza. Kwa hiyo kwenye fomu omba kuingia mara mbili au zaidi, na ueleze kwa barua kuwa unakwenda kumwona shangazi kisha unarudi. Ukishapewa, tazama kwenye stika palipoandikwa idadi ya kuingia: 01 ni mara moja, MULT ni mara nyingi. Itazame papo hapo, kabla hujapanda boti ya kurudi.

Kibandamaiti77
Naongezea la siku. Stika ina tarehe za mwanzo na mwisho, na pembeni ina idadi ya siku za kukaa. Hivyo ni vitu viwili. Tarehe zinaweza kuwa pana kuliko siku ulizopewa, na kinachokubana ni siku. Siku ya kufika inahesabiwa, ya kuondoka nayo inahesabiwa. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kompyuta unaochukua picha na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, hesabu inajitoa wenyewe.

MkaaWete
Allah akulipeni kheri nyote. Bi Mtambwe, nikikaa Köln zaidi kuliko Rotterdam, bado niombe Uholanzi?

BiMtambwe
Hapana ami, unaomba nchi utakayokaa zaidi. Zikilingana siku, ndiyo unaomba ile utakayoingia mwanzo. Lakini shughuli yako kubwa ni harusi, basi nakushauri siku nyingi uzipange kwa kaka yako, na mwaliko wake, tiketi na barua yako viseme maneno yale yale. Ada ni yuro 90, hairudi hata ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi na ishike nchi zote za Schengen. Paspoti iwe na miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko na kurasa mbili tupu. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15, na jibu linaweza kuchukua hadi siku 45. Usingoje kadi za harusi zichapishwe.

Viza ya Uingereza ishughulikie mwanzo kama muda unaruhusu. Ukiwa nayo mkononi, ombi la kuingia Schengen mara mbili linajieleza. Msalimie shangazi, mwambie watu wa Mtambwe tunamuombea.