Mdogo wangu anataka kutupa dawa, anasema ugonjwa wa akili haupo

Mleta uzi: Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu alilazwa mwaka juzi baada ya siku tano bila usingizi, anaongea usiku kucha na kugawa vitu vyake kwa watu asiowajua. Daktari akasema ni baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akamwanzishia dawa ya lithiamu, akatulia. Sasa amesoma sana. Ananiambia Thomas Szasz, naye daktari wa akili, aliandika tangu 1961 kwamba ugonjwa wa akili ni hekaya, na kwamba hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha baipola. Nilimuuliza daktari, akakiri kipimo hakipo. Nikakosa la kujibu. Dogo anataka kuacha dawa wiki hii. Nimzuie au nimwache?

Kisomo: Dogo hajakosea yote. Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, alidai mtumwa anayetoroka ni mgonjwa, akaupa ugonjwa huo jina kabisa: drapetomania. Ushoga nao ulikuwa kwenye orodha ya magonjwa ya akili ya Marekani mpaka 1973, ukaondolewa kwa kura. Mimi mwenyewe madaktari watatu walinipa majina matatu tofauti. Ukishabandikwa jina, hata hasira ya haki inaitwa dalili. Inauma sana.

Nesi wa zamu: Kaka, tafadhali, lithiamu haikatwi ghafla. Ugonjwa hurudi kwa kishindo, na hatari ya kujiua hupanda. Kukosa kipimo hakumaanishi mtu haumwi. Kipandauso nacho hakina kipimo cha damu. Ila dawa hiyo inaweza kudhuru figo na tezi ya shingo, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Je, anapimwa? Na umemuuliza dawa inamfanya ajisikieje? Katika kazi yangu, wengi wanaoacha huwa wamechoshwa na kitu mwilini ambacho hakuna aliyewauliza.

Mwanazuoni: Naongezea. Szasz alipinga zaidi mtu kulazimishwa. Anayetaka dawa kwa hiari yake hakumkataza kuinywa. Naye Franco Basaglia, daktari wa akili wa Italia, ambaye juhudi zake zilizaa sheria ya 1978 ya kufunga hospitali za vichaa Italia, hakukana kwamba watu wanateseka. Alitaka daktari amwone mtu kabla ya jina la ugonjwa. Kaeni wawili sasa akiwa mzima, aandike kwa mkono wake: dalili zipi zikianza umwite daktari, na nini hataki afanyiwe.

Mleta uzi: Dada Nesi, nimemuuliza jana usiku. Mikono inamtetemeka, hawezi kuchora tena. Miaka miwili! Na mimi kila siku namuuliza tu, "umemeza?"

Nesi wa zamu: Hilo lina ufumbuzi. Dozi ya dawa hupunguzwa, au dawa hubadilishwa, taratibu na kwa usimamizi. Aende na michoro yake, ya zamani na ya sasa.

Mleta uzi: Amekubali kwenda Jumatatu, na hadi hapo anaendelea kumeza. Kaniomba nikae nje ya mlango, akinihitaji ataniita. Nitakaa.