Kumbebea mzazi dawa za presha Dar

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za siku. Naenda Dar Desemba, nataka kumbebea baba dawa za presha. Yuko Mbagala, kliniki anahudhuria, ila mara nyingine anaambiwa zimekwisha, akanunue. Kuna la kuangalia?

---

Marahaba mdogo wangu. Lipo, na mimi nimelijua kwa machungu.

Mwaka juzi daktari alinibadilishia dawa ya presha, nikabakiwa na amlodipini za miligramu 10. Nikampelekea mama bila hata kumuuliza anameza nini. Kumbe kliniki walishampa amlodipini ya miligramu 5, ila boksi lina jina jingine na rangi nyingine, akajua ni dawa mbili. Akawa anameza zote, miligramu 15 kwa siku, na kiwango cha juu kwa mtu mzima ni 10. Miguu ikavimba. Alfajiri moja akainuka kwenda kutawadha, kizunguzungu, chini. Alhamdulillahi hakuvunjika, lakini nikikumbuka ile simu moyo bado unaniuma.

Kwa hiyo kabla hujabeba chochote, nyumbani wamwage mfuko mzima wa dawa mezani, wapige picha kila boksi. Jina kubwa ni la biashara. Dawa yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo chini yake, hilo ndilo la kulinganisha. Na wasifiche za magoti! Diklofenaki, ile ya maumivu, wazee wetu wanaimeza kama karanga, nayo inapandisha presha. Ikikutana na losartani, nayo dawa ya presha, pamoja na dawa ya kukojoza inaweza kuumiza figo, hasa mtu akiharisha au akikaukiwa maji kwa joto la Dar la Desemba.

Usimpelekee pia chumvi ya wenye presha inayouzwa huku. Nyingi zina potasiamu, na kwa anayetumia losartani inaweza kupanda mwilini hadi mapigo ya moyo yavurugike.

Picha zione daktari wake wa kliniki, ndiye aamue. Na baba asiache za sasa akisubiri mzigo wako. Kama iko atenololi, nayo ya presha, kuikatisha ghafla ni hatari kwa moyo.

---

Asante sana dada. Mdogo wangu ametuma picha usiku huu. Maboksi matano, majina matano, na mawili ndani ni losartani. Kesho asubuhi wanampeleka kliniki na mfuko wote.