Waliowahi kuimba mbele ya viti vilivyogeuzwa mgongo, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wakuu, jana nilikuwa naangalia usaili wa The Voice, lile shindano la uimbaji ambalo makocha wanakusikiliza wakiwa wamekupa mgongo, na anayekutaka anabonyeza kitufe kiti chake kinageuka. Kijana kaimba vizuri mpaka mwisho, hakuna kiti hata kimoja kilichogeuka. Roho imeniuma. Tangu Waholanzi waanzishe shindano hili mwaka 2010 na Wamarekani walichukue 2011, tunawashangilia wanaogeukiwa na viti, wale wengine tunawasahau wakishashuka jukwaani. Waliopita humo, au kwenye mashindano ya namna hiyo, ilikuwaje?

#2: Nilisimama pale. Watu hawajui kwamba kabla ya kufika kwenye viti umeshachujwa na watayarishaji, na hao wanakutazama usoni. Ile "tunasikiliza sauti tu" inaanza wengi wakiwa wameshakatwa. Halafu wimbo unafupishwa, unabaki kama dakika moja na nusu. Ile noti uliyoitegemea inaweza kuwa kwenye kipande kilichoondolewa.

#3: Kweli tupu.

#4: Dawa ni kuanza kwa nguvu mstari wa kwanza. Kocha akishtuka, anabonyeza.

#5: Msimsikilize huyo. Ukimaliza pumzi mwanzoni, kibwagizo utakiimba na nini? Anza chini, uwape sababu ya kukusubiri.

#6: Mmenikumbusha mbali. Mimi viti viligeuka, kwa hiyo yangu si ya usaili, ni ya pambano. Kocha anachukua wawili wa timu yake mwenyewe, anawapa wimbo mmoja, mnaimba pamoja, mmoja anabaki. Nikapangwa na dada niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa ananiamsha tufanye mazoezi ya pumzi, ndiye aliyenituliza siku ya kwanza nilipotetemeka.

Mazoezini wakapandisha ki ya wimbo, yaani kimo cha sauti unachoimbiwa. Kwangu ikakaa vizuri, kwake ikawa juu mno. Akasema, kwa adabu kabisa. Akajibiwa "utaizoea". Kila aliyekuwa kwenye chumba kile alisikia kwamba hataizoea. Jukwaani tukafika kwenye kibwagizo, sauti yake ikakatika palepale tulipojua itakatika. Nikamshika mkono, nikaibeba noti ya wote wawili. Ukumbi mzima ukasimama, kocha akasema nimeonyesha ukomavu. Ukomavu gani, na mwenzangu kavishwa kiatu kisicho chake akaambiwa akimbie mbele ya watu?

Huwa naulizwa siku niliyotolewa nilijisikiaje. Siku ile nilipumua. Hii ya pambano ndiyo inayoniuma mpaka leo.

#7: Pole sana dada. Hakuna kocha mwingine aliyemchukua?

#6: Shindano letu halikuwa na utaratibu huo. Hata The Voice ya Marekani ilianza bila huo, uliingia msimu wa tatu, 2012. Aliondoka usiku uleule. Niliporudi chumbani mabegi yake yalikuwa yameshatolewa.

#8: Ndiyo maana nasema haya mashindano hayana faida. Nitajieni aliyetoka humo akajaza uwanja.

#9: Morgan Wallen, yule mwimbaji wa country wa Marekani. Alitolewa The Voice 2014, leo anajaza viwanja. Jennifer Hudson alitoka American Idol, shindano jingine la uimbaji, akiwa wa saba, 2004. Baadaye akachukua Oscar, na 2017 akakalia kiti cha kocha The Voice, Uingereza na Marekani.

#8: Idol ina majaji, haina makocha. Usichanganye mada.

#9: Mada ni waliokataliwa, mkuu. Rudi juu usome.

#10: Na Kelly Clarkson, mshindi wa Idol 2002, akawa kocha The Voice 2018. Hizi njia zinakutana.

#11: Jamani mnabishana na kuna mtu katoa la moyoni. #6, ulimtafuta mwenzako?

#6: Nilimtafuta. Sasa anafundisha uimbaji, na mwanafunzi mpya haimbi chochote mpaka ajue ki yake. Nami nawaambia hivyohivyo: ijue ki yako, na wakiipandisha kataa, hata kama utaonekana msumbufu.

#5: Ukikataa wanakupangia muda mbaya. Bora ubadilishe melodi kimyakimya.

#12: Mimi naongeza mkataba. Mpe mwanasheria ausome kabla hujaimba, maana ukishashangiliwa utasaini chochote.

#13: Nina usaili mwezi ujao. Sasa nishike lipi?

#4: Anza kwa nguvu.