MJADALA: Majengo ya zamani mjini kati Mwanza, yavunjwe yote au kuna ya kubakiza?

Wana Mwanza tuliongee hili wakati bado kuna kitu cha kuongelea. Kila jengo la zamani likizungushiwa mabati pale mjini utasikia mawili tu, kwamba ni magofu yanaharibu sura ya jiji, na kwamba ni majengo ya Wahindi hayatuhusu. Mi nakataa yote mawili, hasa hilo la pili.

Hebu jiulize yale maduka ya zamani mitaa ya Rufiji na Lumumba yalijengwa na hela gani. Reli imefika hapa kutokea Tabora 1928, pamba ya Usukuma ikawa inamiminika mjini, mfanyabiashara ananunua, anachambua, anasafirisha, faida anainua nayo duka chini na makazi juu. Sawa, jina lililoandikwa pale juu kwenye ukuta ni lake, ila jembe lilikuwa la babu yako wa Magu au Kwimba, na wale wazee walivyochoka kupunjwa kwenye mizani ndo wakaungana mpaka ikazaliwa Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, 1955 chini ya Paul Bomani. Sasa unaniambiaje hayatuhusu?

Afu kuna 1971. Serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikaenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali ya kuzisimamia, na 1990 Msajili akaunganishwa na NHC, yaani Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo baadhi ya hayo majengo ni mali ya umma kabisa, tuna haki ya kuuliza yanavunjwa kwa nini na nani kaamua.

Na msitegemee sheria itayalinda yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, wakati Wajerumani wameweka kituo chao hapa 1892! Yaani duka la miaka ya 30 haliguswi na hiyo kinga mpaka waziri alitangaze.

Najua hoja ya hela, kiwanja cha katikati ni ghali na duka la ghorofa moja haliingizi kodi kama jengo la ghorofa kumi. Kweli. Na lililooza, mbao zimeliwa na mchwa, nyaya za umeme zinaning'inia, livunjwe tu kabla halijaua mtu. Ila lenye kuta nzima bakizeni uso wa mbele na baraza, pandisheni ghorofa kwa nyuma. Lile baraza ndo ofisi ya fundi cherehani, ndo kivuli cha muuza magazeti, mvua za masika zikishuka mji mzima unajibanza pale. Likija jengo la vioo baraza hakuna, fremu unaanza kuulizwa kilemba hata kabla hujajua kodi, na wale waliokuwa pale mbele hawarudi, nenda kawaulize waliohamishwa.

Mi napendekeza hivi, kabla kibali cha kubomoa hakijatoka, jiji libandike tangazo mlangoni pa jengo lenyewe, liseme limejengwa lini, nani mmiliki na nini kinakuja, wananchi wapewe muda wa kutoa maoni. Nyie mnaotaka yavunjwe yote, hapo mnapinga nini?