Naombeni ushauri: picha gani nipeleke kwa baba mkwe Jumamosi?

Kitochi cha Babu
Wakuu habari za jioni. Moja kwa moja kwenye mada. Jumamosi nakwenda Tanga kwa wazazi wa mchumba wangu. Mzee ni mtu wa sinema kwelikweli, enzi zake Majestic ilikuwa kama kwake, na kasema baada ya chakula tutaangalia picha wote. Nina tatu kichwani: Vuta N'Kuvute, Sholay ya Kihindi, au mojawapo ya zile za marehemu Kanumba. Nataka mzee afurahi na mimi nionekane mtu ninayejielewa. Usingizi sipati. Matusi hapana, tafadhali.

Chausiku wa Chumbageni
Vuta N'Kuvute naipenda mno. Amil Shivji kaitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi, ikatoka 2021, na ile Unguja ya miaka ya 1950 imejaa usiku na taarabu mpaka unahisi joto la chumbani. Ila mkuu, kisa chenyewe unakijua? Yasmin anaozeshwa mwanamume wa umri wa baba yake, anatoroka, anaangukia kwa Denge anayesakwa na polisi wa mkoloni. Ndiyo ya kumwekea mtu anayekaribia kutoa binti? Mzee atabaki anajiuliza wewe ni yupi humo.

Mgosi Mtulivu
Peleka Kanumba, funga mjadala. Tangu atutoke Aprili 2012 muvi zetu zimepata kamera nzuri, zikapoteza watu wa kuwalilia. Halafu acha presha. Mimi ukweni, kule Muheza, niliwekewa taarifa ya habari, nikasinzia kwenye kochi mpaka nikaamshwa kula ubwabwa. Na mke nilipewa.

Ustadhi Mpole
Kijana, ukweni huenda mshenga. Wewe unakwenda na flashi. Kizazi hiki tumekipoteza wapi?

Koplo Mstaafu
Mbona unauliza kama mtu mwenye kesi? Mchumba wako anamjua baba yake kuliko sisi wote humu. Kwa nini humuulizi yeye? Kuna kitu umekikalia.

Kitochi cha Babu
Mchumba hapokei simu zangu kwa sasa, yuko bize. Tujikite kwenye picha.

Koplo Mstaafu
Hapokei simu, na Jumamosi unakwenda kwao. Haya, tapika.

Kitochi cha Babu
Sawa. Kulikuwa na ubishi kidogo kwenye grupu la familia yao la WhatsApp. Mzee aliandika kwamba mwisho wa Sholay polisi wanatokea na lile jambazi Gabbar Singh linakamatwa. Nikamwambia hapana, Thakur, yule polisi mstaafu, anamuua kwa viatu vyenye misumari, nimeona kwa macho yangu. Akasema mimi picha nimeanza kuangalia juzi. Nikajibu "labda ni umri, mzee wangu". Kwa heshima kabisa, na emoji ya kucheka niliweka. Shangazi wawili wakatoka kwenye grupu. Mzee akaandika: njoo nayo Jumamosi hiyo picha yako.

Chausiku wa Chumbageni
LABDA NI UMRI?? Kwa baba mkwe? Na emoji juu?

Dereva Bajaji
Nimekaa paleee na kashata zangu.

Reli ya Mwisho
Wote wawili mko sahihi, ndilo balaa lenyewe. Mkurugenzi wake, Ramesh Sippy, alirekodi mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar kwa miguu. Mwaka 1975 India ilikuwa kwenye hali ya hatari, wakaguzi wa filamu wakakataa polisi mstaafu ajichukulie sheria mkononi. Ikabidi warekodi upya: polisi wanafika, adui anakamatwa. Hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye majumba ya sinema, kwa hiyo mzee hakuota. Mwisho wako ulizagaa baadaye kwenye kanda na diski, na 2025 picha ilisafishwa upya ikiwa na mwisho huo, ikaonyeshwa Bologna, Italia.

Ukiniuliza mimi, mwisho wa polisi ni dhaifu. Kumbuka siku ya Holi, Jai na Veeru, wale vijana aliowakodi Thakur wamkamate Gabbar, wamebanwa, bunduki iko chini miguuni mwa Thakur na haiokoti. Unamchukia, unamwona mwoga. Halafu unaambiwa kwa nini, shali inaanguka, mikono haipo, Gabbar aliikata. Picha nzima imejengwa juu ya mabega yale, kisha dakika za mwisho aambiwe apishe sheria ifanye kazi yake? Ila wewe Jumamosi usiyaseme haya. Kaa kimya, pokea chai.

Mgosi Mtulivu
Mimi lililoniuma ni Jai kufa. Stelingi hafi! Na ile sarafu yake, kumbe pande zote mbili kichwa. Dada yangu hakula siku ile.

Kitochi cha Babu
Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Asante mkuu Reli. Hiyo yenye mwisho kamili nimeshaipakua, na projekta nimeshanunua, nitaitandaza ukutani sebuleni kwao, ukoo wote uone.

Koplo Mstaafu
Yaani ulishaamua, ushauri wa nini? Na projekta umeinunua kwa hela gani?

Kitochi cha Babu
Ya mahari, sehemu tu. Projekta ni mali, haiozi. Mahari inazungumzika. Tukishaoana nafungua nayo kibanda umiza.

Ustadhi Mpole
Innalillahi.

Dereva Bajaji
Ukifungua kibanda tafuta mfasiri. Titanic mimi niliijua kwa sauti ya Lufufu. Siku nilipoiona bila yeye nikaona meli inazama kimyakimya, hakuna hata mtu wa kuniambia yule baba mwenye bastola ana wivu gani.

Binti Sahare
Samahanini, chai hii, stori ya kutunga. Mwaka jana huyuhuyu alifungua uzi wa kuulizia shule ya bweni kwa mwanawe wa darasa la tano, akasema mke wake ni mwalimu. Nendeni kwenye nyuzi zake mkasome.

Kitochi cha Babu
Akaunti hii nilikuwa natumia na kaka yangu.

Binti Sahare
Na kaka yako naye huanza na "wakuu habari za jioni, moja kwa moja kwenye mada"?

Chausiku wa Chumbageni
Yesu wangu. Na mimi nilishaanza kumwombea.

Reli ya Mwisho
Chai au si chai, nani anautetea mwisho wa polisi? Aje na hoja.

Mgosi Mtulivu
Mimi. Gabbar akifa mara moja kapumzika. Akienda jela, Thakur anaishi akijua adui yake analishwa na serikali. Inauma zaidi.

Reli ya Mwisho
Hiyo ni hoja ya kumtetea mkaguzi wa serikali, mgosi, si ya kuitetea picha.

Binti Sahare
Mimi niko Tanga, Jumamosi sina kazi. Kitochi, taja mtaa nije nishuhudie ukuta.

Kitochi cha Babu
Mtaa siwezi kutaja kwa usalama wa familia.

Dereva Bajaji
Jumapili ukiwa bado unayo hiyo projekta, nitafute inbox. Bei ya mahari siitaki lakini.